Mkate wa Kujaza: Cha Ndani Kifuate Saa ya Kuliwa

Mkate mweupe na chai ya rangi humshibisha mtoto kwa muda mfupi tu. Slesi mbili zina wanga wa kutosha, lakini protini na madini ya chuma ni haba. Kuziba pengo hilo hakuhitaji soseji wala jibini. Watu wa Pwani wamekula mahamri kwa mbaazi za nazi vizazi na vizazi, na Kampala chapati hukunjiwa mayai na nyanya ikaliwa hapohapo barabarani. Basi mkate wa dukani nao ujazwe maharage, dagaa, mchicha au parachichi. Ila kabla ya kuuliza kitanoga vipi, uliza kitaliwa saa ngapi.

Unaoliwa nyumbani

Maharage ndiyo bora kuliko vyote, na bei yake inahimilika. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosokota tumbo, na moto mdogo hauimalizi. Yakiiva, yachuje, uyaponde kwa mwiko pamoja na kitunguu na nyanya zilizokaangwa, mpaka rojo ishikane na isitiririke ukiinua mwiko. Paka kwa wingi, weka kachumbari juu, kamulia ndimu. Ndimu haikuwekwa kwa ajili ya ladha tu: vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ilhali chai huyazuia. Chai isubiri saa moja hivi baada ya kula.

Mchicha uliochemshwa ukamue vizuri ndipo uuchanganye na karanga za kusaga, la sivyo mkate utalowa. Yai liive hadi kiini kigande.

Unaobebwa shuleni

Mtoto akitoka saa 12 asubuhi na kula saa 4, mkate umekaa kwenye begi saa nne nzima, tena kwenye joto. Chakula kilichopikwa na chenye majimaji kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wapo bakteria wa mikononi na puani mwetu wanaoacha sumu ndani ya chakula, na hata ukikipasha moto sumu hiyo haitoki. Kwa hiyo maharage ya kuponda, mayai, samaki wa mchuzi na mayonezi viliwe nyumbani.

Safari hiyo inataka vitu vikavu. Siagi ya karanga inafaa, pamoja na ndizi mbivu ambayo haijamenywa. Mtoto ataimenya mwenyewe na kuilaza ndani ya mkate. Dagaa nao wanafaa: toa vichwa, osha mchanga wote, kausha, kaanga mpaka wavunjike kwa vidole. Wafunge kwenye chombo chao, mkate kando, ajaze wakati wa kula. Huliwa pamoja na mifupa yao, ndiyo maana wana kalsiamu nyingi. Wakiwa wa chumvi, waloweke kwanza. Hata mtu mzima chumvi yake isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na mkate wenyewe tayari una chumvi.

Karanga zinataka macho

Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Karanga nazo hushikwa na kuvu wanaotoa sumu hiyo, na kukaanga hakuimalizi. Zichambue kabla ya kukaanga: zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, wala usimpe kuku. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Siagi ya karanga anayopewa ipakwe nyembamba. Akivimba midomo au akipumua kwa shida baada ya kula karanga, mkimbizeni hospitali.

Mkate uliorudi

Mkate uliorudi na mtoto jioni usipashwe wala asipewe mdogo wake. Utupe. Mtoto akianza kuharisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na zinki kama alivyoelekeza mhudumu wa afya. Akitapika kila anachopewa, akiharisha damu au akilegea, apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.