Mtoto Mwenye Mgongo Wazi: Usimwachie Daktari Mmoja

Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, wazazi huuliza kwanza kama atatembea. Hawakosei kuuliza. Ila ukikaa na waliowalea watoto hawa kwa miaka mingi, watakwambia kuna swali zito zaidi ambalo halikumjia mtu siku ile: figo zake zitalindwaje? Mguu uliolegea kila mtu anauona. Figo huharibika kimya kimya, na mara nyingi hugundulika zikiwa zimekwisha kuchoka. Kwa sababu hiyo mtoto huyu anahitaji timu nzima, na mzazi anapaswa kumjua kila mmoja kwenye timu hiyo na kazi yake.

Tuanze na chanzo, maana hapo ndipo maneno ya majirani huanzia. Ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, bomba dogo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga. Likiacha upenyo, uti wa mgongo na mishipa yake ya fahamu hubaki bila kinga, na sehemu zote za mwili zilizo chini ya hapo hupata hitilafu: miguu, kibofu, utumbo mpana, hisia za ngozi. Wanawake wengi siku hizo hawajajua hata kama ni wajawazito. Hakuna aliyerogwa, hakuna aliyevunja mwiko. Baba anayemkimbia mkewe kwa jambo hili anakimbia kitu ambacho hata yeye hakielewi.

Saa za kwanza ni za mkunga na nesi wa wodi ya wazazi. Kidonda hufunikwa kwa chachi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, mtoto analazwa kifudifudi au ubavu, na safari ya rufaa inaanza. Usipake majivu, mafuta, dawa ya mitishamba wala kinyesi cha ng'ombe, na usiutoboe uvimbe hata ukiwa umejaa maji. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu hupenda kuuziba mgongo ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo, kabla vijidudu havijapenya hadi kwenye ubongo. Upasuaji wa aina hii hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, yaani MOI, Dar es Salaam, na Bugando jijini Mwanza. Wakenya wengi huenda Kijabe, na Waganda huenda hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale. Mtoto akiletwa amechelewa bado hupokelewa, kwa hiyo aibu ya kuchelewa isikuzuie kwenda.

Jambo moja lisemwe wazi kabla ya kutia saini fomu ya upasuaji: operesheni hii hairudishi mishipa iliyokwisha kuharibika. Inaziba mlango wa maambukizi na kuokoa kilichobaki. Wazazi wengi hukata tamaa pale mgongo umepona vizuri na miguu bado haichezi, wakadhani daktari amekosea. Hajakosea. Kwa jumla, kidonda kikiwa chini zaidi mgongoni, miguu huwa na nguvu zaidi. Wenye kidonda cha chini kabisa wanaweza kutembea karibu kama wengine, wenye cha juu watahitaji vyuma vya miguu au kiti mwendo.

Kisha kichwa. Takribani watoto 8 kati ya 10 wenye mgongo wazi wa aina ya uvimbe wenye mishipa ndani hujaa maji kichwani. Kwa hiyo kwenye kila kliniki nesi anazungusha utepe kichwani, juu kidogo ya nyusi na masikio, na kuandika namba. Namba moja haina maana; kinachotazamwa ni inavyopanda. Kichwa kikikua kwa kasi, daktari anaweza kuweka shanti, mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Au anaweza kutumia kamera nyembamba kufungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo, ufundi ambao Dk. Benjamin Warf aliuendeleza pale pale Mbale ili mtoto wa kijijini asitegemee mrija unaoweza kuziba akiwa mbali na hospitali. Mwenye shanti akitapika bila sababu, akisinzia kuliko kawaida, utosi ukivimba, macho yakitazama chini tu, au akiumwa kichwa kisichoisha, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo. Homa nayo isichukuliwe kuwa malaria moja kwa moja. Mwambie daktari wa kwanza utakayemkuta kwamba mtoto ana shanti.

Sasa twende kwenye mkojo, nikae hapo kidogo.

"Mama, mtoto anakojoaje?"

"Anachirizika tu, dada. Nepi haikauki."

Mazungumzo kama haya ndiyo yanayookoa figo, na ndiyo yanayorukwa foleni ikiwa ndefu. Mama anaona mkojo unatoka, anaridhika. Kumbe kinachotoka ni cha kufurika: kibofu kimejaa, misuli yake haiwasiliani na ubongo, na shinikizo linaurudisha mkojo juu kwenye figo. Mkojo uliotuama huzaa vijidudu, vijidudu huleta homa za kujirudia, na miaka inavyokwenda figo hupata makovu. Mtaalamu hapa ni daktari wa mfumo wa mkojo, lakini mwalimu wako wa kweli ni nesi anayefundisha kutoa mkojo kibofuni kwa mpira mwembamba, yaani katheta, mara kwa mara. Njia hiyo ilienezwa na daktari Mmarekani, Jack Lapides, mwaka 1972, na alichobadilisha ni kikubwa: alionyesha kwamba si lazima vifaa viwe vimechemshwa kama vya chumba cha upasuaji. Usafi wa kawaida unatosha, mradi kibofu kimwagwe kwa wakati. Ndiyo maana inawezekana hata kwenye nyumba isiyo na bomba ndani.

Inafanyika hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Msafishe mtoto kwa maji safi, msichana kutoka mbele kwenda nyuma. Paka ncha ya mpira jeli ya maji, usitumie vazelini. Ingiza taratibu kwenye tundu la mkojo mpaka mkojo uanze kutoka, kisha ongeza kidogo tu na uutulize. Mkojo ukikoma, vuta polepole. Ukianza tena kutoka njiani, simama hapo mpaka uishe. Ukikwama usisukume kwa nguvu, ngoja mtoto atulie. Kwa kawaida ni mara 4 au 5 kwa siku, ila ratiba ya mwanao ataipanga daktari. Kama mmeelekezwa kuutumia mpira tena, uoshwe kwa sabuni, usuuzwe ndani na nje, ukaushwe na kuhifadhiwa kwenye chombo safi chenye kifuniko. Mtoto akifika umri wa kuanza shule aanze kujifunza mwenyewe, msichana kwa msaada wa kioo. Usikubali kuruhusiwa kutoka wodini bila mtu kutazama figo kwa altrasaundi na bila wewe kushika mpira kwa mkono wako mbele ya nesi angalau mara moja. Kutazama hakutoshi.

Choo kinakwenda sambamba na mkojo, kwa sababu utumbo uliojaa hukibana kibofu. Matunda, mboga, maji ya kutosha, na kumkalisha mtoto chooni saa ile ile kila siku baada ya kula husaidia wengi; wengine watahitaji kusafishwa utumbo kwa maji kwa utaratibu watakaofundishwa. Mtoto asiyenuka shuleni hukaa shuleni. Ni ukweli mchungu, lakini walimu wanaujua.

Mtaalamu wa fiziotherapia na daktari wa mifupa wao wapo kwenye miguu: mguu kifundo hunyooshwa kwa plasta ngumu (POP) za kubadilishwa kila wiki, nyonga hukaguliwa, vyuma hupimwa upya kila mtoto anapokua. Mtoto aliyekuwa akitembea akaanza kujikwaa, au mgongo ukapinda, au mkojo ukabadilika, arudishwe kwa daktari wa upasuaji. Huenda uti wa mgongo umeshikana na kovu na unavutwa. Ngozi ni yako wewe nyumbani. Miguu isiyo na hisia huungua kwa maji ya kuoga au kwa jiko bila mtoto kulia, basi jaribu maji kwa kiwiko chako na ukague nyayo na makalio kila jioni. Mjulishe pia kila daktari na daktari wa meno kwamba watoto hawa hupatwa kwa urahisi na mzio wa mpira wa asili, ule wa glavu na maputo.

Ofisa ustawi wa jamii hutajwa mwisho siku zote, na ndiye wa kumtafuta mapema. Huyo ndiye anayejua mlango wa msamaha wa gharama, wa bima, na barua ya kwenda kwa mwalimu mkuu. Kwa Tanzania, kipo pia chama cha wazazi wa watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, ASBAHT; mzazi aliyekutangulia atakufundisha mambo ambayo daktari hana muda nayo.

Hospitali zenye timu kamili huwaweka wataalamu hawa siku moja, chumba kwa chumba. Nyingi hazina utaratibu huo, na mzazi hupewa tarehe nne tofauti kana kwamba nauli inaota kwenye mti. Omba, tena kwa msisitizo, tarehe ziunganishwe. Na nunua daftari moja gumu: andika siku ya upasuaji, mzingo wa kichwa kwa kila tarehe, saizi ya mpira, altrasaundi ya mwisho ya figo na majibu yake, dawa na vipimo vyake. Timu isipokutana chumbani, itakutana kwenye daftari lako.

Mwisho ni habari ya mimba ijayo. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kwa mwanamke aliyekwisha kupata mtoto wa aina hii, miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku, zikianzwa kabla ya mimba, hupunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72. Wanawake wengine wote wanaoweza kushika mimba wanahitaji miligramu 0.4 kwa siku. Unga wa viwandani nchini Tanzania unatakiwa kuongezwa asidi ya foliki tangu kanuni za mwaka 2011, lakini dona la mashine ya mtaani kwa kawaida halina. Anayetumia dawa ya kifafa, hasa valproate, azungumze na daktari kabla ya kushika mimba, na asiache dawa kwa uamuzi wake. Kusubiri hadi kliniki ya kwanza ya wajawazito ni kuchelewa: mgongo wa mtoto unakuwa umeshajifunga, au haukujifunga. Omba vidonge vya asidi ya foliki siku ile ile unayompeleka mwanao kliniki, hata kama hujapanga kuzaa mwaka huu.