Mfamasia na Maumivu Yasiyokwisha

Wengi wetu tuliopita miaka sitini twayajua maumivu ya magoti na kiuno yanayolala na kuamka nasi. Yakipita miezi mitatu madaktari huyaita maumivu sugu, na tiba yake si kazi ya mtu mmoja. Daktari hutafuta chanzo, muuguzi humfuatilia mgonjwa, mtaalamu wa viungo humfundisha mazoezi. Na mfamasia je? Sisi humwona muuzaji tu: twalipa, twapokea dawa, twaondoka.

Hapo ndipo tunapojidhuru. Tuchukue mfano wa bi mkubwa wa Ng'ambo. Daktari wa Mnazi Mmoja amempa dawa ya presha. Mjukuu amemnunulia diklofenaki Darajani kwa ajili ya goti, na jirani amemwongezea ibuprofeni. Dawa hizo mbili ni za jamaa moja. Kuzimeza pamoja hakuleti nafuu zaidi; huzidisha hatari ya vidonda vya tumbo na kuvuja damu, huumiza figo, na huweza kupandisha presha ile ile inayotibiwa. Daktari hajui alichonunua mjukuu. Basi bi mkubwa na atie kila kitu katika mfuko mmoja, pamoja na miti shamba, ampelekee mfamasia avitazame. (Sisi watu wa Pwani tuna haya ya kuuliza dirishani, hasa foleni ikiwa ndefu. Haya hiyo haifai.) Lakini akiona choo cheusi kama lami, au akitapika damu, asiende dukani; aende hospitali saa ile ile.

Hata parasetamoli ina mpaka: kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa siku, na mzee dhaifu au mwenye ugonjwa wa ini huambiwa vichache zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtu huvuka kipimo bila kujua.

Kwa maumivu makali ya saratani kuna mofini, jina linalotisha wengi. Kampala, katika hospisi iliyoanzishwa na Dk. Anne Merriman mwaka 1993, unga wa mofini ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei ndogo. Na tangu 2004 wauguzi wa Uganda waliopata mafunzo maalum waliruhusiwa kuiandika. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road nayo imetengeneza dawa ya namna hiyo. Mfamasia ndiye wa kueleza kwamba hunywewa kila saa nne, kabla maumivu hayajarudi, na kwamba pamoja nayo hutolewa dawa ya kulainisha choo, kwani mofini hufunga tumbo. Mgonjwa akiaga dunia, chupa iliyobaki irudishwe hospitali, isiachwe kabatini penye watoto.