MTOTO ASIYESIKIA VIZURI DARASANI: TUMSAIDIEJE?



Mtoto mmoja wa wakimbizi kutoka Kongo alikaa mwaka mzima katika P3 hapa Kampala bila kujibu swali hata moja. Mwalimu alisema hajui Kiingereza. Wenzake walisema hajui Kiluganda. Nilipowatembelea nyumbani, nilisimama nyuma yake nikamwita kwa Kiswahili, lugha ya mama yake. Hakugeuka. Kumbe shida haikuwa lugha. Alikuwa hasikii vizuri.

Kwetu wakimbizi kosa hili hutokea kwa urahisi, maana kila mtoto mgeni hunyamaza mwanzoni.

DALILI ZA KUANGALIA
- Haitikii akiitwa kutoka nyuma, hata kwa lugha ya nyumbani.
- Anatazama sana midomo ya msemaji.
- Anangoja wenzake waandike, kisha anaiga.
- Sikio linatoa usaha, au aliwahi kuugua surua au homa ya uti wa mgongo.

Ukiona dalili hizi, mpeleke kituo cha afya. Usaha wa sikio hutibiwa. Ukiachwa, unaweza kuharibu usikivu. Usitie mafuta wala maji ya majani sikioni.

MWALIMU AFANYE NINI?
1. Mkalishe mbele, mahali anapouona uso wako.
2. Usiseme huku umegeukia ubao. Andika kwanza, kisha geuka useme.
3. Usisimame ukiwa umelipa dirisha mgongo. Mwanga ukiwa nyuma yako, midomo yako haionekani.
4. Sema wazi, polepole kidogo. Usipige kelele.
5. Usimwulize, "Umeelewa?" Ataitikia kwa kichwa tu. Mwambie akuoneshe kazi.
6. Darasa likiwa na watoto wengi, mchagulie mwenzake wa kumwonesha ukurasa na zoezi.

KAMA HASIKII KABISA
Kukaa mbele hakutoshi. Anahitaji lugha ya alama. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali ikuze lugha hiyo. Ulizeni Chama cha Taifa cha Viziwi cha Uganda (UNAD), kilichoanzishwa mwaka 1973. Ntinda, hapa Kampala, ipo pia shule ya viziwi. Jueni kwamba alama za Uganda si sawa na za Kongo. Mtoto aliyejifunza kule apewe muda. Na nyumba nzima ijifunze pamoja naye. Akiwa na alama shuleni, halafu nyumbani hana wa kuzungumza naye, bado yuko peke yake.

HAKI YAKE
Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mtoto mkimbizi elimu ya msingi sawa na mwananchi. Akikataliwa kwa sababu ya masikio yake, usirudi nyumbani ukanyamaza. Mweleze mfanyakazi wa jamii. Kwa mtihani wa PLE, mwanafunzi asiyesikia anaweza kuombewa muda wa ziada na mkalimani wa alama. Mkumbushe mwalimu mkuu mapema, wakati wa kuandikisha.

Mtoto niliyemtaja sasa anakaa mbele, na anajibu. Lakini mwaka ule mmoja haukurudi.

Jioni ya leo, simama nyuma ya mwanao, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, usimkaripie. Kesho mpeleke akapimwe.