Kodi ya Nyumba na Vyombo Vilivyofungiwa

Magomvi mengi kati ya wenye nyumba na wapangaji katika Kenya huanza na kufuli. Mpangaji hurudi jioni kutoka kazini, akakuta mlango wake umetiwa kufuli jingine, na ndani mmebaki kitanda, jiko, nguo za watoto na pengine vyeti vya shule. Mwenye nyumba husema, "Alipe kodi kwanza, ndipo apewe vyombo vyake." Neno hilo laonekana kuwa la haki, kwa kuwa deni ni deni. Hata hivyo sheria haikumpa mdai ruhusa ya kuwa hakimu wa shauri lake mwenyewe.

Ni kweli kwamba mali ya mpangaji yaweza kukamatwa kwa ajili ya kodi. Sheria ya jambo hilo ni Sura ya 293 ya Sheria za Kenya, nayo ina taratibu zake. Kazi ya kukamata hufanywa na dalali mwenye leseni, wala si na mwenye nyumba pamoja na vijana wa mtaani. Hufanywa mchana, si usiku. Mali huandikwa, na mpangaji hupewa siku za kulipa kabla ya mnada. Fedha zikipatikana kupita deni na gharama, baki ni ya mwenye mali. Tena sheria hukinga nguo, matandiko na vifaa vya kazi kwa kadiri iliyowekwa.

Zaidi ya hayo, nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi zimo chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959, na huko mali haikamatwi ila kwa idhini ya baraza la kodi. Maduka na hoteli nyingi za kula nazo zina baraza lao, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1965. Yafaa kujua pia kwamba desturi hii ya kukamata mali ilitoka Uingereza, na Waingereza wenyewe waliiondoa kwa nyumba za kuishi mwaka 2014.

Shida kubwa zaidi ni ya mpangaji aliyeondoka bila kuaga, akaacha vitu chumbani. Hapo mwenye nyumba ana haki ya kutaka chumba chake, maana naye ana mkopo wa kulipa na watoto wa kusomesha. Lakini kuacha kitu si kukigawa. Vitu hivyo vingali mali ya mpangaji, na anayevitoa nje huwa mtunzaji wake.

Tuseme mpangaji adaiwa kodi ya miezi miwili, shilingi 4,000 kila mwezi. Mwenye nyumba avunja mlango peke yake na kuwauzia majirani vyombo kwa shilingi 3,000. Baada ya wiki tatu mpangaji arejea, kumbe alikuwa amelazwa hospitali, naye ana risiti ya cherehani aliyoinunua kwa shilingi 20,000. Hakuna orodha wala shahidi. Aliyekuwa akidai shilingi 8,000 sasa adaiwa yeye, na fundi amekosa chombo ambacho kwacho angalipata fedha za kulipa kodi ile ile.

Mwenye nyumba mwenye busara huwaita watu wawili wasio jamaa zake, pengine mzee wa mtaa na jirani, kabla ya kugusa kitu. Kila kitu huandikwa pamoja na hali yake: redio, namba yake, godoro, limechanika au zima. Wote hutia sahihi. Kisha vitu huwekwa mahali pakavu, na mpangaji hupelekewa barua au ujumbe wa simu wenye tarehe, ukitaja vilipo na muda wa kuja kuvichukua. Kitambulisho, dawa na vyeti vya shule hurudishwa mara moja vikiombwa, kwani hivyo si rahani ya kodi. Muda ukipita bila jibu, ni afadhali kuomba amri ya mahakama kuliko kuuza kwa shauri lake mwenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko ya cherehani ile.

Mpangaji naye ana wajibu wake. Anayekimbia usiku humwachia mwenzake mashaka na hasara. Akiona kodi imemshinda, na aandike mapema ni lini atalipa na kiasi gani, na kila malipo ayatunzie risiti. Akifungiwa, asivunje kufuli, kwa maana ataonekana yeye ndiye mkorofi. Mara nyingi chifu huwapatanisha watu kwa siku moja, ingawa yeye hana mamlaka ya kuamuru vyombo viuzwe.

Wasipopatana, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, pamoja na yale ya kurudishiwa vitu au kulipwa vilivyoharibika, na yatakiwa kumaliza shauri kwa siku 60. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Aendapo achukue mapatano ya kupanga, risiti au ujumbe wa malipo, orodha ya vitu, na majina ya walioiona ikiandikwa.