Mama mkwe anataka mtoto aoteshwe jua

Mama mmoja wa Geita, mwenye mtoto wa miezi minane aliyezaliwa na ualbino, ameiandikia safu hii akiwa njia panda. Kliniki ya ngozi ilimwambia amkinge mtoto na jua. Mama mkwe wake anasema mtoto asiyeoteshwa jua atapata matege, na kila asubuhi humchukua mjukuu, humvua nguo na kukaa naye uani. "Nikimkatalia, naonekana simheshimu," anaandika. "Nikinyamaza, mchana mtoto ana mashavu mekundu na analia akiguswa. Nimsikilize nani?"

Amsikilize daktari wa ngozi, na aanze leo.

Hata hivyo bibi hakubuni jambo hilo. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, na mifupa yao ikakomaa. Ngozi ikipigwa na sehemu ya mionzi hiyo iitwayo UVB hutengeneza vitamini D. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo hufyonza madini kidogo ya kalisi, na miguu ya mtoto anayeanza kusimama hupinda. Kwa wajukuu wake wengine, ushauri wa bibi ulikuwa na msingi.

Tofauti iko kwenye melanini, rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi. Melanini huizuia mionzi, ndiyo maana mtu mweusi huhitaji muda mrefu zaidi juani ili apate vitamini D. Mtoto huyu anayo kidogo mno, au hana kabisa. Dakika chache anazopigwa na mwanga akibebwa kutoka nyumbani hadi sokoni zinaifanya kazi hiyo. Watafiti wa Afrika Kusini waliwahi kupima damu ya wanavijiji weusi, wenye ualbino na wasio nao, na wenye ualbino ndio waliokutwa na vitamini D nyingi zaidi. Muda ukizidi, ngozi haiendelei kurundika vitamini. Kuungua, kwa bahati mbaya, kunaendelea.

Na jua la asubuhi je? Linapochomoza, UVB yake ni kidogo sana, hivyo vitamini inayopatikana ni ndogo. Likishapanda kiasi cha kuleta faida, limeshapata nguvu ya kuibabua ngozi ya mtoto huyu. Hakuna saa ambayo bibi anaweza kumwanika kwa usalama.

Hapa maneno hayawezi kulainishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1985 kuhusu watu 350 wenye ualbino jijini Dar es Salaam ulionyesha kuwa ngozi zao zilianza kuharibika tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wengi wa wanaopata saratani ya ngozi wakiwa bado vijana walianza kuungua utotoni, mikononi mwa watu waliowapenda lakini hawakuelezwa.

Hofu ya matege isipuuzwe, ila itafutiwe dawa yake. Watoto wachanga wanahitaji yuniti 400 za vitamini D kwa siku, na maziwa ya mama yana vitamini hiyo kidogo. Mama aulize kliniki kuhusu matone ya vitamini D, apewe kipimo na mtaalamu, asikisie mwenyewe, kwa sababu kuzidisha matone kunadhuru. Tena matege hayaletwi na upungufu wa vitamini D peke yake. Huko Nigeria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, watoto wengi wenye matege walikuwa na upungufu wa kalisi kwenye chakula, na waliopewa kalisi walipata nafuu kuliko waliopewa vitamini D tu. Mkazi wa Geita ana bahati ya kuwa jirani na ziwa. Dagaa waliooshwa mchanga vizuri, wakakaushwa na kusagwa pamoja na mifupa yao, waingie kwenye uji wa mtoto. Kiini cha yai lililoiva nacho kinafaa.

Nje ya nyumba, nguo ndiyo kinga ya kwanza: mikono mirefu, suruali, kofia ya pama inayofunika masikio na shingo. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni mtoto akae kivulini. Sehemu zinazobaki wazi zipakwe losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, irudiwe kila baada ya saa mbili. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hugawiwa kupitia kliniki za ngozi. Mama aulize kliniki yake jinsi ya kuipata, na asiibadilishe na mafuta ya kawaida ya kupaka, ambayo hayazuii jua.

Limebaki la mama mkwe. Si haki mkwe kulibeba peke yake; mume amweleze mama yake mzazi, kwa upole na bila kuchelewa. Kisha tarehe ya kliniki ikifika, bibi aalikwe waende pamoja, amuulize muuguzi maswali yake yote mwenyewe. Kumbeba mjukuu aendelee, ila barazani. Na wakiwa kliniki waombe mtoto apimwe macho, maana wengi wenye ualbino huona kwa shida, na miwani ikipatikana mapema mtoto ataanza shule akiuona ubao.