JE, DAMU INAWEZA KUTABIRI KISUKARI?

Wengi hudhani kisukari ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi. La hasha! Kisukari cha aina ya kwanza huwapata hata watoto wa chekechea. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hupotoka ikazigeukia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ikaziua polepole. Bila insulini sukari hubaki kwenye damu, na mtu hukonda hali anakula.

Vita hivyo huanza miezi au hata miaka mingi kabla ya dalili. Basi waganga hujuaje? Hupima kingamwili zinazoilenga kongosho. Wauaji hasa ni chembe nyeupe. Kingamwili ni kama moshi juu ya paa, unaoonyesha kwamba ndani kuna moto.

Mwaka 2013 ilitolewa taarifa ya watoto 13,377 wa Marekani, Finland na Ujerumani, waliofuatiliwa tangu wakiwa wachanga kwa sababu urithi wao uliwaweka hatarini. Waliokuwa na aina moja tu ya kingamwili hizo, kama 15 kwa kila 100 waliugua katika miaka 10. Waliokuwa na aina mbili au zaidi, kama 70 kwa kila 100! Yaani ukiwa na mbili, ni suala la lini tu. Ndiyo maana mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teplizumab, ya kuuchelewesha ugonjwa kwa watu kama hao.

Sasa njoo huku kwetu. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya vijana 894 wa Uganda, Kameruni na Afrika Kusini, waliougua kabla ya kutimiza miaka 30 na kuambiwa wana aina hiyo ya kwanza. Karibu thuluthi mbili hawakuwa na kingamwili hata moja! Tena haikuwa aina ya pili ya watu wazima, maana insulini yao ilikuwa imepungua kweli. Kwa hivyo moshi haukuwapo na nyumba iliungua. Kilichoziharibu kongosho hizo bado kinatafutwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu akiona karatasi ya maabara imeandikwa "hakuna", asije akasema, "Basi, wacha sindano." Kijana asiyetengeneza insulini akiachishwa sindano anaweza kufa kwa siku chache tu, awe na kingamwili au asiwe nazo.

Na kipimo cha kwanza wala si hicho cha gharama. Mtoto hapa Turbo akinywa maji kupita kiasi, akikojoa usiku kucha na kukonda, watu watasema eti ni malaria, au amerogwa. Tone moja la damu ya kidole latosha kupima sukari, tena kwa dakika moja. Ikiwa juu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Moi ipo Eldoret, si mbali. Habari za kingamwili zitafuata baadaye, akiwa tayari ameanzishiwa insulini.