Mtani Akifungwa: Tafakari ya Msimu Mzima wa Ligi



Wapendwa vijana, somo letu leo lina aya moja tu, Waroma 12:15. Mtume Paulo anawaambia Wakristo wa Roma wafurahi pamoja na wanaofurahi na walie pamoja na wanaolia. Fungua Biblia yako uisome mwenyewe. Ni fupi kuliko meseji nyingi za grupu la jumuiya.

Wengi tunaisoma na kupita, tukidhani sehemu ngumu ni ile ya kulia. Mtakatifu Yohane Krisostomo, alipokuwa akiihubiri barua hii karne ya 4, aliona tofauti. Alisema kulia na anayelia hakuhitaji roho kubwa sana, kwa sababu hata mtu mgumu huguswa akiona jirani yake ameanguka. Kufurahi na aliyefanikiwa ndiyo kazi. Hapo unatakiwa kwanza usimwonee wivu, halafu, juu ya hapo, uone raha kwa ajili yake. Krisostomo hakuwahi kukaa kwenye kibanda umiza cha Kingolwira siku ya Simba na Yanga. Angekaa, nadhani mahubiri yangekuwa marefu zaidi.

Mimi ni Simba. Naliweka wazi mapema ili watani wasije kusema nimejificha nyuma ya altare. Na kwa wasiokujua kwetu: ukitoka Dar kwa barabara kuu, ukikaribia mji wa Morogoro, milima ya Uluguru ikiwa mkono wako wa kushoto, hapo ndipo Kingolwira. Kuna stesheni ya reli ya zamani, kuna gereza, kuna mashamba, na kila kona kuna mtu anayejua kikosi cha Yanga au cha Simba kuliko anavyojua mitume kumi na wawili. Nataka tutembee pamoja kwenye msimu wa 2023/24, kwa sababu msimu ule uliifundisha aya hii vizuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Tuanze nyuma kidogo. Jumapili ya tarehe 28 Mei 2023 ilikuwa Pentekoste. Asubuhi tuliomba mapaji ya Roho Mtakatifu kwa sauti moja, kanisa zima. Jioni Yanga walicheza fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger pale Uwanja wa Mkapa. Timu ya Tanzania, fainali ya Afrika, nyumbani. Waarabu wakapata bao dakika ya 32. Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, banda likalipuka. Dakika mbili baadaye Islam Merili akafunga la pili, na banda likalipuka tena, safari hii upande wetu. Yaani vijana wale wale wa asubuhi walikuwa wanarukaruka kwa ajili ya Algeria, nchi ambayo hakuna hata mmoja wao angeweza kuionyesha kwenye ramani. Mimi nilikaa kimya. Msinisifu, sauti ilikuwa imekauka kwa sababu ya kwaya.

Wiki moja baadaye Yanga walikwenda Algiers wakashinda 1-0, Djuma Shaban akifunga kwa penalti, na kombe likabaki kwa wenyeji kwa sheria ya bao la ugenini tu. Miaka miwili baadaye zamu ikawa yetu: Simba tukafika fainali ya kombe hilo hilo, Mei 2025, na RS Berkane ya Morocco. Mnajua Jangwani walimshangilia nani. Ngoma droo.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe. Tarehe 5 Novemba 2023 nayo ilikuwa Jumapili, ya 31 ya Mwaka A. Injili ilikuwa Mathayo sura ya 23, pale Yesu anapowasema waandishi na Mafarisayo wanaopenda viti vya mbele, na anamaliza kwa kusema kwamba anayejikweza atashushwa na anayejishusha atakwezwa. Tuliisikia asubuhi tukiwa tumevaa jezi nyekundu chini ya mashati. Jioni tukaenda kuona mechi.

Musonda akafunga dakika ya 3. Kibu Denis akasawazisha dakika ya 9, na mpaka mapumziko tulikuwa wazima, 1-1. Kipindi cha pili sitaki kukieleza sana. Maxi Nzengeli dakika ya 64, Aziz Ki dakika ya 73, Maxi tena dakika ya 77, Pacome kwa penalti dakika ya 87. Tano kwa moja. Yule Aziz Ki, tuseme ukweli hata kama unauma, mguu wake wa kushoto ulikuwa raha kuutazama. Alimaliza ligi na mabao 21. Mchezaji mzuri ni mzuri tu, na kipaji chake kimetoka kwa Mungu yule yule anayekugawia wewe wako. Shabiki asiyeweza kusema hivyo kuhusu mchezaji wa mpinzani amejinyima nusu ya mpira.

Golini kwetu alikuwa Aishi Manula, mtoto wa Morogoro, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anarejea baada ya kuumia kwa muda mrefu. Maneno aliyorushiwa mitandaoni wiki ile siwezi kuyaandika hapa. Na hayakutoka kwa watani. Yalitoka kwetu wenyewe, kwa watu ambao kwa miaka walikuwa wakimwita shujaa. Kocha Robertinho aliondoka siku mbili baada ya mechi. Kushabikia kwa namna hiyo kunafanana sana na ule umati wa Yerusalemu wa Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu. Tofauti ni kwamba wao walichukua siku tano, sisi dakika tisini.

Watani nao walipata alama yao: mkono, vidole vitano vimetanuliwa. Ulikuwa kila mahali, kwenye daladala, sokoni, kwenye grupu la vijana. Na kwa haki kabisa, walikuwa wamesubiri. Tuliwafunga 5-0 Mei 2012 na tukawaonyesha vidole hivyo hivyo miaka kumi na moja. Jumapili iliyofuata, padre aliposema tutakiane amani, dada mmoja wa sauti ya kwanza, Yanga kindakindaki, alinigeukia akanyoosha mkono taratibu, akatanua vidole kimoja kimoja, akasema, "Amani ya Kristo, mtani." Benchi zima likatetemeka kwa kicheko kilichozuiwa. Sikuweza kukasirika. Ilikuwa nzuri mno.

Lakini kuna ndugu yetu mmoja ambaye hakucheka. Tumsitiri jina. Ni dereva wa bodaboda, kijana wa jumuiya yetu, Simba kama mimi. Alikuwa ameweka mkeka wa Simba kushinda, na pesa aliyoweka haikuwa ya chai. Ilikuwa hesabu ya wiki ya mwenye pikipiki pamoja na akiba ya kodi ya chumba. Mkeka ulipochanika, pikipiki ikachukuliwa. Jumamosi hakuonekana jumuiya. Jumamosi ya pili pia. Kwenye grupu watu waliendelea kumtumia vile vikatuni vya mkono, kisha mtu akasikia habari ya mkeka, na vikaongezeka. Akatoka kwenye grupu. Watu wakacheka tena kwamba amekimbia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2539 inaeleza wivu kuwa ni huzuni mtu anayoipata akiona mema ya mwenzake, na inamnukuu Mtakatifu Gregori Mkuu akiwataja watoto wa wivu: chuki, masengenyo, kusingiziana, furaha juu ya msiba wa jirani, na huzuni juu ya mafanikio yake. Angalieni vizuri mbili za mwisho. Ni Waroma 12:15 iliyopinduliwa juu chini: kulia na anayefurahi, kufurahi na anayelia. Ukitaka kujua kama ushabiki wako umevuka mpaka, usijipime kwa sauti unayopiga golini. Jiulize uso wako unafanyaje mtani anapoanguka kweli, nje ya uwanja.

Nikasema watani. Neno hili tumelichukua mahali pazito. Kwa wazee wetu utani ulikuwa mkataba kati ya ukoo na ukoo, kabila na kabila. Mtani ana ruhusa ya kukucheka mbele za watu, kukuchukulia kitu chako, hata kumwigiza marehemu wako msibani mpaka waliao wakashindwa kujizuia kucheka. Ila mtani huyo huyo ndiye aliyefika mapema na kushika jembe la kaburi. Ruhusa ya kucheka aliilipia kwa kazi. Siku hizi Simba na Yanga tunaitwa watani wa jadi, na tumebaki na nusu moja ya mkataba, ile rahisi.

Yule dada wa sauti ya kwanza ndiye aliyeikumbuka nusu ya pili. Hakuitisha kikao, hakuandika kwenye grupu. Alikwenda chumbani kwa yule kijana na kilo chache za unga na maharage, akagonga, na alipofunguliwa akamwambia, "Mnyama kala mkono, sasa ale ugali." Kijana akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Kisha wakaenda wote wawili kwa mwenye pikipiki. Sikuwepo, lakini najua waliongea mpaka jioni, na kwamba deni liligawanywa likawa la kulipa kidogo kidogo mpaka Pasaka. Pikipiki ikarudi barabarani.

Kuhusu mkeka wenyewe, niseme kifupi kwa sababu mnaulizia sana. Kanisa halisemi kwamba kila mchezo wa bahati au kuwekeana dau ni dhambi. Katekisimu namba 2413 inasema unakuwa haukubaliki kimaadili pale unapomnyima mtu kile anachohitaji yeye na wale wanaomtegemea, na inaonya juu ya kuwa mtumwa wake. Hesabu ya bosi si yako. Kodi ya chumba, ada ya mdogo wako, sadaka ya mavuno uliyopewa ukaihifadhi, si zako za kuweka mkeka. Na mimi naongeza la kwangu, ambalo si Katekisimu: ukishaweka pesa kwenye mechi, hushabikii timu tena. Unamwangalia mtoto wa watu akikimbia na kuona namba.

Mechi ya marudiano ilikuwa Jumamosi tarehe 20 Aprili 2024, na Yanga wakashinda tena, 2-1. Aziz Ki kwa penalti, kisha Guede. Freddy akatupatia moja. Tuliitazama vijana wa kigango pamoja, nyekundu na kijani benchi moja, na yule kijana wa bodaboda akiwepo. Aliulizwa na mtani kama ana mkeka, akajibu, "Nina mkeka wa kulalia tu." Hiyo ndiyo habari kubwa ya siku ile kwa upande wangu; matokeo nimeshayasahau. Karibu.

Kama unadhani mtu wa Mungu hapaswi kuwa na timu, mkumbuke hayati Papa Fransisko. Alikuwa mwanachama wa San Lorenzo ya Buenos Aires, timu iliyozaliwa kwenye uwanja wa padre Msalesiani, Lorenzo Massa, mwaka 1908. Mwaka 1990 aliweka ahadi kwa Bikira Maria ya kutotazama televisheni, na akaishika. Matokeo aliletewa na mlinzi mmoja wa Vatikani. Aliipenda timu yake zaidi ya miaka thelathini bila kuona bao hata moja kwenye skrini, na sijasikia kwamba mapenzi yalipungua.

Halafu ikaja Jumatatu ya tarehe 13 Mei, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Fatima. Yanga walikwenda Manungu, Turiani, kucheza na Mtibwa Sugar. Sisi wa Morogoro tuna uchungu wa pekee na Mtibwa, awe wa Simba awe wa Yanga. Ni timu ya kiwanda cha sukari na wakata miwa, na kabla wengi wenu hamjazaliwa ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Siku ile walikuwa mkiani. Yanga wakashinda 3-1 na kutangaza ubingwa pale pale, wa tatu mfululizo. Mtibwa, baada ya zaidi ya miaka ishirini Ligi Kuu, msimu ulipoisha wakashuka daraja. Walirudi mwaka uliofuata kama mabingwa wa Championship, lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo.

Dada yetu alikuwepo, amepanda gari asubuhi kupitia Dumila na jezi yake ya kijani na njano. Alinisimulia mwenyewe. Filimbi ilipopulizwa wenzake wakaanza kucheza, naye akageuka akaona mzee mmoja wa kiwandani, ameshika kofia magotini, machozi yanatoka bila sauti. Akakaa kando yake. Hakusema kitu, alisema hakujua cha kusema, maana timu yake ndiyo iliyomfunga. Baada ya muda mzee akamwambia, "Mwanangu, nenda ukacheze na wenzako, ni siku yenu." Akaenda, akacheza nyimbo mbili, akarudi akakaa tena.

Kwa jumuiya zitakazotumia somo hili: someni Waroma 12:9-21 yote, si aya moja. Halafu kila mmoja amtaje mtani wake mmoja wa kweli, aseme mara ya mwisho alimtembelea lini.